Mwisho wa likizo ya Agosti, kwenu mlikuwa mnafanya nini?

MamaDonholm

Wazazi wenzangu na wasio wazazi, habari za jioni. Niko na swali si la maana sana lakini limenikaa kichwani wiki nzima. Shule zinafunguliwa Jumatatu na kwa hii nyumba hakuna kitu inaonyesha likizo inaisha isipokuwa mimi kupiga kelele ya soksi. Nina wawili, mmoja gredi ya nne mwingine ya saba, wamekaa ndani likizo yote juu nje kulikuwa na ile baridi ya Nairobi ya mawingu kutoka asubuhi hadi jioni, na sasa jua limeamua kutoka vizuri wakati wanarudi darasani. Hiyo ndiyo Agosti ya hapa, imekuwa hivyo tangu nizaliwe.

Iliyoleta haya maneno ni dadangu, ako Marekani. Kwa grupu ya familia anatuma picha za watoto wake, huko ni mwisho wa summer, leo wako ziwani kuogelea mara ya mwisho, kesho wanachoma mahindi na majirani, keshokutwa wanapigwa picha mlangoni wameshika kibao kimeandikwa gredi wanayoingia. Kijana wangu akaangalia akaniuliza, mum na sisi huwa tunafanya nini?

Nikaanza kumweleza ya ushago, kule mashambani. Enzi zetu tulikuwa tunapelekwa Kirinyaga kwa shosho, nyanya yetu, karibu likizo nzima, na siku ya kurudi anatuamsha giza bado, mnaogeshwa kwa karai nyuma ya jikoni, maji ya kuni yananuka moshi, visigino vinasuguliwa na jiwe mpaka mtu analia, halafu mafuta yanapakwa kuanzia usoni hadi miguuni, ukiegemea dirisha ya matatu unaacha alama ya shavu. Chini ya kiti kuna kuku amefungwa miguu na gunia la viazi vitamu ambalo konda amelalamikia tangu Kutus. Kijana alicheka lakini niliona hajaelewa, kwake ushago ni mahali pa matanga na Disemba. Shosho alishatuacha, shamba likagawanywa, hakuna wa kuachiwa watoto.

So nauliza tu, kwenu ilikuwaje? Na wale mnalea hapa Nairobi sai, kuna kitu mnafanya ama ni soksi tu?

---

bano_moja

Mimi sikuwa na ushago, nilizaliwa Jericho na babangu alizaliwa Kaloleni, kwa hivyo Agosti yetu ilikuwa ya mtaani. Shule zikifungwa tu nusu ya mtaa inapotea, unabaki na wasee wachache hata mechi haitoshi, mnacheza goli moja. Wiki ya mwisho sasa ndio wanaanza kurudi, kila jioni mtu mmoja, amenona, amekuwa mweusi, anaongea Kiswahili na lafudhi amepata huko, na mifuko imejaa njugu ama miwa. Nyinyi mnaongea ni kama mwisho wa likizo ni kuondoka mahali. Kwetu ilikuwa ni watu kurudi, na hiyo wiki ilikuwa tamu kushinda likizo yote.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa lazima mechi, laini yetu na laini ya ng'ambo ya barabara, na boli inatengenezwa upya juu huwezi cheza fainali na kitu imeraruka. Nieleze vile inafanywa juu watoto wangu hawaamini. Unaanza na soksi imetoboka unajaza matambara, unazungusha majuala, ile mifuko ya plastiki, moja baada ya nyingine, hapa na pale unapitisha kwa mshumaa kidogo zishikane, halafu kuna msee mmoja tu mtaani anajua kufunga kamba ya manila, anapitisha huku na huku anavuta na meno mpaka inatoka wavu umekaza, ukiidunda inaruka. Huyo msee alikuwa anabembelezwa na mandazi. Majuala ya plastiki yalipigwa marufuku 28 Agosti 2017, yaani mwisho wa Agosti huo huo, na sijasema ni mbaya, mitaro ya Jericho ilikuwa inaziba kila mvua. Nasema tu hiyo boli haiwezi tengenezwa tena.

Kitu ingine ni madeni ya bano, zile gololi. Kila mtu alikuwa anajua nani anadai nani, na Jumapili jioni ni kulipana, mbele ya watu, hakuna kuingia muhula wa tatu na deni. Halafu mnazika. Bano ukienda nayo shule mwalimu anachukua na haurudishiwi, so mimi na jirani yangu tulikuwa tunaweka zote kwa mkebe wa Blue Band tunafukia nyuma ya choo cha nje mpaka Disemba. Kuna mwaka kanju, watu wa kaunsili ya jiji, walikuja kuchimba bomba la maji hapo. Siongei zaidi.

---

MzeeWaMakadara

Wanangu, nimesoma nikatabasamu. Mimi ni wa miaka ya sabini, kwa hivyo mtanivumilia nikiandika marefu.

Baba alifanya kazi reli na sisi tulikaa Makongeni. Likizo ya Agosti ikianza tulipakiwa basi hadi Murang'a kwa nyanya. Kazi ya huko sikuiita likizo hata siku moja, ilikuwa ni kuchota maji mtoni na kukatia ng'ombe majani kwa baridi ile na ukungu, lakini mahindi yalikuwa mabichi na kila jioni tunachoma jikoni, kwa hiyo tulisahau. Siku ya kurudi mjini nyanya hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa akitushika mikono, akaifungua viganja, akatema mate kidogo sana, karibu pumzi tu, halafu akaifunga. Hiyo ndiyo baraka ya Wakikuyu wa zamani. Ukiwa mtoto wa Nairobi umeanza kujiona wa maana unaona kinyaa, unataka kufuta mkono kwa kaptula, na mama anakukazia macho usithubutu. Halafu anafungua pindo la leso anatoa sarafu, na hapo kinyaa kinaisha.

Mwaka ambao sisahau ni 1978. Ilikuwa tarehe 22 Agosti, tuko bado Murang'a, redio ya taifa, VoK, ikatangaza kwamba Mzee Kenyatta ameaga dunia huko Mombasa. Babu alizima redio, akaiwasha tena, akazima. Wazee wakaja uani wakakaa bila kuongea, na sisi watoto tukaambiwa tusicheze. Alizikwa tarehe 31. Ile safari ya kurudi Nairobi basi lilijaa kama kawaida lakini hata turnboy hakupiga kelele za stendi, alikuwa anagonga bodi kwa kiganja tu. Nilikuwa nimezoea kwamba mwisho wa likizo kitu kibaya kabisa kinachoweza kutokea ni kusahau hesabu za mgawanyo.

Mwaka uliofuata yakaja maziwa ya Nyayo, yale ya pakiti ya pembetatu, na ghafla watoto wakaanza kuulizana shule inafunguliwa lini. Hakuna mzazi aliyetumia nguvu tena.

Mama Donholm, mate sikushauri.

---

binti_mvita

Mzee shikamoo. Hiyo ya mate imenichekesha lakini sisi nasi tulikuwa na yetu.

Mie nimelelewa South C lakini bibi yangu ni wa Mji wa Kale, Mombasa, na likizo ya Agosti ilikuwa lazima twende. Nyinyi mwasema baridi, sisi twashuka pwani kusi linavuma, bahari chafu, mawimbi hayo, hatuachwi kuogelea ovyo. Ikikaribia siku za kurudi upepo waanza kupoa, ndiyo demani hiyo, maji yanatulia, yaani kila mwaka bahari inakuwa nzuri siku ambazo sisi twapakia nguo. Nilikuwa nikiamini yafanya makusudi.

Siku ya kuondoka bibi hatoki jikoni. Anakaanga viazi karai, anafunga sambusa kwa gazeti, achari ya maembe kwa chupa na nailoni imefungwa mdomoni isimwagike ikaharibu nguo za watu (na siku zote ilimwagika). Mabuyu mekundu ya kuwapelekea wenzangu darasani, ukiyala ulimi na vidole vyote vyekundu mpaka mwalimu ajua nani amekula na nani amenyimwa. Alasiri twafukizwa ubani, halafu bibi anasimama mlangoni ameuinua msahafu, mmoja mmoja twapita chini yake, twarudi, twapita tena, ndipo mtu atoke. Mtoto akicheka anaanza upya.

Na treni jamani. Ile ya zamani, si hii. Ilikuwa ikiondoka saa moja usiku, na usiku kucha ni Mariakani, Voi, Mtito Andei, inasimama gizani hujui kwa nini, wasikia watu wakiongea chini kwenye mawe na taa ya mkono yapita dirishani. Sisi watoto twalala wawili kitanda kimoja, mmoja kichwa huku mwengine kule, na mtu lazima apigwe teke la uso. Asubuhi ukiamka nje kumekuwa kweupe na baridi yaingia kwa dirisha, twafika nyika za Athi, swara na punda milia wamesimama karibu na reli hawakimbii hata. Hapo ndipo mama alikuwa akitutoa zile sweta za shule kwa begi. Twashuka Nairobi tumeshavaa sweta, achari imemwagika, na likizo imeisha.

Sasa tangu 2017 treni mpya, SGR, ni saa tano hivi, wapanda Miritini washuka Syokimau, safi, nashukuru, mgongo wangu washukuru pia. Ila wanangu walala njia nzima na simu mkononi na Tsavo yote yapita hapo nje na ndovu wake.

---

wa_ushago_kabisa

Naomba nitoe upande mwingine juu naona hapa wote mlikuwa wageni.

Mimi nimekuwa Nairobi tangu nimalize shule lakini nimelelewa Vihiga na nyanya, na nyinyi ndio mlikuwa mnakuja. Mnajua mlikuwa mnachinjiwa kuku gani? Wangu. Nimemlisha, nimemfungia usiku, mmefika tu anakuwa mchuzi, na paja mnapewa nyinyi juu ati mmetoka mbali. Chai inawekwa maziwa mengi wiki hizo zote. Kitanda changu mnalala, mimi niko chini kwa gunia na mkeka. Mnaogopa choo, mnaogopa ng'ombe, mnachota maji nusu ndoo na mnasifiwa. Halafu jioni mnatuambia Nairobi kuna ngazi zinatembea zenyewe, tunawaamini.

Kwa hivyo siku ya nyinyi kuondoka kwetu ilikuwa sherehe, niseme ukweli. Asubuhi tunabeba mizigo yenu hadi barabarani, gunia la mahindi kichwani, ndizi, na kuku mwingine tena, hai huyo, anaenda Nairobi kupanda gari kabla yangu. Basi likiondoka tunapunga mkono vizuri kabisa. Kisha mbio nyumbani kuona mmeacha nini. Kaptula, viatu vya Bata vimebana mwenyewe, mara moja kalamu ya rangi nne ambayo nilitembea nayo muhula mzima na sikumwandikia mtu yeyote barua, nilikuwa nabonyeza tu.

Ila nyanya sasa. Nyanya alikuwa anarudi kutoka barabarani pole pole, anakaa kwa kigoda haongei mpaka jioni, na usiku anapika chakula kingi kimakosa. Huo usiku tulikuwa tunakula sana.

---

mwana_wa_Sirisia

@wa_ushago_kabisa umeniua na kalamu ya rangi nne 😂😂

Kwetu Bungoma inategemea mwaka. Ukiwa mwaka wa namba shufwa Agosti si likizo ni msimu wa tohara, Wabukusu hatupimi mtoto kwa gredi. Mimi wangu ulikuwa 1996. Nilitolewa Umoja nikiwa mtoto wa darasa la saba mwenye anajua Kibukusu cha kusalimia tu, nikapewa chinyimba, zile kengele za mkononi, nikaambiwa nizunguke nialike jamaa zote hadi kwa mjomba, wa upande wa mama, na kwa mjomba huwezi kosa kwenda, yeye ndiye anakuvisha nyama shingoni, na anakuambia maneno makali mbele ya watu mpaka unataka kulia. Alfajiri ni mtoni, matope baridi kuanzia kichwani, na baada ya hapo unasimama uani kwa baba na hupepesi jicho. Mambo mengine hayaandikwi hapa.

Nachotaka kusema ni shule. Shule zilifunguliwa na mimi bado sijapona, nikarudi Umoja nimechelewa, na nimekaa kwa dawati nikiangalia wenzangu wakilia juu ya rula imepotea. Hiyo siku niliwaona watoto kabisa. Wiki moja baadaye nami nikaanza kulilia rula.

---

sanduku_la_bati

Hakuna ameongea ya bording?

Kwetu wiki ya mwisho ilikuwa Kamukunji kwa mafundi wa jua kali, unasikia nyundo kutoka mbali kabla uone masanduku yenyewe yamepangwa hadi juu. Muhula wa kwanza ndio unanunuliwa, muhula wa tatu unapeleka tu linyooshwe juu keria ya basi imelibonyeza na kufuli haiingii. Jina mbele na rangi nyeupe, namba ya shule chini. Ufunguo shingoni kwa kamba ya kiatu.

Muhula wa tatu pesa huwa zimeisha nyumbani, kila mtu anajua, so ile orodha inakatwa. Januari ulipewa Blue Band ya kilo, drinking chokoleti, sukari, maziwa ya unga. Septemba unapewa sabuni ya kipande, kiwi, tishu, na ushauri. Mamangu alikuwa anajua hivyo, na yeye njia yake ilikuwa chapati. Anapika nyingi usiku wa mwisho, anaacha zipoe kabisa, anazikunja moja moja ndani ya shuka la pili, si la kwanza juu la kwanza getini linakunjuliwa wakikagua. Shuka la pili hakuna mtu alifika. Bweni zima lilikuwa linanuka chapati hadi Jumatano na shuka lina madoa ya mafuta duara duara mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Asubuhi ya kurudi stendi zote za tao ni sanduku na sweta, Machakos Country Bus ndio usiseme, na nauli siku hiyo imepanda juu makonda wanajua huna njia. Sijui kwa nini hadi leo nikipita hapo wiki ya kufungua nasikia tumbo.

---

chaki_na_kifutio

Mimi ni mwalimu, nitasema kidogo tu. Wengine wenu mnasahau miaka ya tuisheni, Agosti nzima mtoto wa darasa la nane yuko shule na kaptula ya nyumbani, likizo yake ni Jumapili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ilikataza tuisheni ya likizo na bado kuna wazazi wananipigia wakiuliza kama naweza "kumshika mkono" mtoto kidogo. Siwezi. Niache nami nipumzike.

Desturi ya walimu mwisho wa Agosti ni kuandika skimu, mpango wa masomo ya muhula, usiku wa Jumapili. Kumbe hata sisi.

Na tafadhali, wekeni vitabu majalada mapema. Karatasi ya kaki haina gharama kubwa. Napokea vitabu vimefungwa na gazeti la kampeni na sura ya mwanasiasa imenitazama muhula mzima.

---

msee_wa_minnesota

Mama Donholm mimi niko huko kwenye picha za dadako, ama karibu, Minnesota. Nimekuja nikiwa mtu mzima na sikuwa naelewa hawa watu wanahuzunika nini mwisho wa Agosti, mpaka nikakaa msimu mmoja wa baridi hapa ndio nikaelewa.

Nairobi jua linazama saa kumi na mbili na nusu, mwaka mzima, hata huangalii. Hapa mwezi wa sita jua linazama saa tatu usiku, watoto wako nje na baiskeli unawaita wanakuambia bado ni mchana na huna la kujibu. Kufika mwisho wa Agosti saa mbili haijafika jua limeshazama. Unaona kabisa kitu kinaondolewa mezani. So wanakula kila kitu kabla kitolewe, ziwa, mahindi, soseji. Kuna maonyesho makubwa ya jimbo, siku kumi na mbili, yanaisha siku ya Labor Day ambayo ni Jumatatu ya kwanza ya Septemba, na shule nyingi za hapa zinafunguliwa baada ya hiyo. Ukienda pale ni ng'ombe, nguruwe, matrekta na watu wanakula vitu kwa kijiti. Mimi nilisimama nikasema hii si ni Nairobi Show tu, Jamhuri Park, imekosa tu bendi ya polisi na mtoto amepotea anatangazwa kwa spika.

Wangu wawili wamezaliwa hapa. Niliwajaribia ya visigino na jiwe, yule mkubwa akaniambia baba hiyo si sawa kiafya. Kwa hivyo sisi usiku wa kuamkia shule tunapiga simu kwa nyanya yao Kitengela, kwa video, anawaombea kwa Kikamba, ndefu, na wao hawaelewi neno hata moja lakini hawakati. Mdogo hufumba jicho moja. Ni hiyo tu tuko nayo, na mimi naona inatosha. Usisumbuke sana na picha za kibao, hivyo vibao vinauzwa supamaketi.

---

MamaDonholm

Jamani nimesoma yote kwa sauti hapa sebuleni, tumecheka, na yule mdogo amekataa kabisa kuamini ya @wa_ushago_kabisa kulala kwa gunia. Pole sana kwa kuku wako, nina uhakika nimekula mmoja wa aina hiyo.

Nimeamua hivi. Jumamosi nachukua jiko la makaa naweka chini hapo paking, tuchome mahindi, na nimeandika kwa grupu ya ploti kila mtu ashuke na watoto, na @bano_moja hata kama hakuna majuala kijana wangu amesema atatafuta soksi na matambara ajaribu na kitambaa cha nje badala yake, nakuita kama uko karibu, utaleta ile akili ya kamba. Jumapili ni kaki, mwalimu amesikika. Chapati kwa shuka sitaki kusikia kabisa juu huyu wa gredi ya saba amesoma hiyo na ako na macho fulani.

Mambo ya mate na msahafu kila nyumba na yake. Mimi nitaosha miguu yao. Jiwe hapana, brashi.

Sasa mnisaidie, mahindi mabichi mazuri napata wapi bei si ya Donholm? Hapa kwa geti wanauza moja bei ya mbili.

---

wa_ushago_kabisa

Enda Marikiti mapema, kabla saa moja, malori yakiwa bado yanashusha, na usikubali yaliyomenywa, chukua na maganda yake. Usidanganyike na ukubwa. Fungua kidogo hapo juu ubonyeze punje na ukucha. Maji yakiruka mengi hiyo ni changa, chemsha tu. Ikitoa maziwa mazito kidogo hiyo ndio ya kuchoma. Isipotoa kitu mwachie mwenyewe, hiyo ni ya githeri na atakuambia ni tamu sana.

Na uweke mbili kando, nakuja. Niko hapa Tena, si mbali.